Biashara yangu ilikufa, mikono ikabaki: namna ya kuanza tena peke yako

Siku nilipofunga karakana yangu ya ushonaji ilikuwa na vyerehani tisa na mafundi sita. Kazi ilikuwepo. Oda ya sare ilikuwa juu ya meza, imekatwa nusu, na mteja wangu mkubwa nilikuwa namdai mizigo mitatu niliyokwisha kumkabidhi. Naanza na hili kwa sababu wengi tuliofilisika tunaamini tulishindwa kazi. Mara nyingi si kazi iliyotushinda. Tulishindwa kulipwa kwa wakati, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata sindano, fungua daftari la ile biashara iliyokufa utafute kilichoiua. Chora safu mbili za miezi 12 ya mwisho: siku uliyokabidhi kazi, na siku pesa ilipoingia mkononi. Kwangu mimi, mwanzoni pengo lilikuwa siku 30, likawa 60, mwishowe likapita 90. Kitambaa nilikuwa nanunua taslimu, na mishahara haikungoja. Kwenye karatasi nilipata faida kila mwezi, kwenye droo hamkuwa na kitu. Halafu nikaona la pili, ambalo lilinikosesha usingizi: robo tatu ya kazi yangu ilitoka kwa mteja mmoja. Akichelewa yeye, mimi nachelewa kwa kila mtu.

Yako huenda iliuliwa na kingine, labda pango zito, bei uliyoiga kwa mwenzako, au pesa ya biashara iliyokuwa ikichotwa kwa shida za nyumbani bila kuandikwa. Kiandike kwa sentensi moja. Yangu iko ndani ya jalada la daftari langu la sasa: "Nilikopesha kazi ambayo sikuweza kuisubiri."

Sasa madeni, na hapa nakuomba tusiharakishe.

Orodhesha kila deni, dogo kwa kubwa: nani anakudai, kiasi gani, riba yake, na kama ameshika dhamana. Kisha tafuta karatasi ulizotia saini. Kama biashara ilikuwa yako binafsi, madeni yake ni yako. Kama ilikuwa kampuni yenye dhima yenye ukomo, yaani iliyosajiliwa kando na wewe mwenyewe, deni kwa kawaida ni la kampuni, isipokuwa pale ulipojiwekea saini ya udhamini wewe mwenyewe. Usibahatishe jambo hili. Mtu mmoja anayeijua sheria akikusomea karatasi hizo kwa saa moja, anaweza kukuokolea miaka. Na ujue kwamba kufunga mlango hakufuti usajili. Kama hujaarifu rasmi kwamba umeacha biashara, mamlaka ya kodi inaweza kuendelea kusubiri taarifa zako, na adhabu zikajirundika kimya kimya.

Baada ya hapo, nenda kwa wadai kabla hawajakufuata. Mimi nilimkimbia muuza vitambaa wangu wiki tatu. Simu niliilaza kifudifudi juu ya meza ya kukatia, na kila ikitetemeka chaki zilikuwa zinacheza. Mwisho nikamwendea na karatasi moja tu: jumla ya madeni yangu yote, mapato ninayoyatarajia, na kiasi nitakachomlipa kila mwezi. Aliisoma taratibu, akaniuliza swali moja: "Ya kwanza lini?" Nikamtajia tarehe. Tukaandikiana.

Taja kiasi ambacho unaweza kukilipa hata katika mwezi mbaya kuliko yote, hata kama ni kidogo mpaka unaona haya. Ahadi kubwa ikivunjwa mara moja, ile ndogo haitasikilizwa tena. Katika kulipa, mimi nilianza na mafundi wangu, kwa sababu ule ulikuwa mkate wa watoto wao, nikafuata wenye dhamana juu ya vitu nisivyoweza kuishi bila hivyo, halafu wenye riba kali. Na usikope upya ili kuanza upya. Nakusihi.

Kazi ya kuanza nayo iwe ile isiyokutaka mtaji. Niliuza vyerehani saba, nikabaki na kimoja cha kawaida na ovaloki, kile cha kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kushona sare nikakuacha, nikageukia kurekebisha nguo, kwa kuwa nguo analeta mteja mwenyewe na mimi natia uzi, zipu na mikono. Kila fani ina upande wake wa namna hii. Mwenye duka la vifaa anaweza kuuza ufundi wa kuvifunga, na aliyekuwa na wahasibu chini yake anaweza kuwaandikia wenye biashara ndogo mahesabu yao.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa zipu ya suruali ya jinzi. Sindano namba 14 ilikatika kwenye pindo nene, nikaweka namba 16, nikapita pale penye tabaka nne kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Nilikuwa nimeweka saa mbele yangu. Kushona kulichukua dakika 20. Kufumua zipu ya zamani na kuokota nyuzi zake, dakika 15. Nilishtuka, maana miaka yote nilikuwa natoza kushona, na kufumua nikakufanya bure.

Basi ukitaka bei yako, pima kwa saa ya ukutani. Jumlisha unachohitaji kwa mwezi: nyumba, marejesho ya madeni, kodi, vifaa vinavyochakaa. Gawa kwa saa zinazolipwa, si saa ulizokaa kazini. Katika siku ya saa 10, zinazolipwa kwangu ni kama 5; nyingine zinakwenda kwenye kupokea, kupima, kununua uzi na kujibu simu. Siku 22 mara saa 5 ni saa 110. Bei ya saa moja ikishuka chini ya hesabu hiyo, unamlipia mteja nguo yake.

Malipo: nusu kabla mkasi haujagusa nguo, nusu kabla nguo haijatoka mlangoni. Wateja wa zamani wawili walikasirika, wakaenda. Niliumia, lakini sheria haikubadilika. Na mteja yeyote akikaribia theluthi ya mapato yangu, natafuta wengine wiki hiyo hiyo.

Kuhusu kuwapata wateja sina siri kubwa. Niliandika majina ya watu 40 wanaoujua mkono wangu, nikawatumia ujumbe mmoja mmoja: "Karakana nimeifunga. Sasa narekebisha nguo mwenyewe, peke yangu. Ukiwa na suruali ya kupunguza au zipu iliyoharibika, niletee." Kuusema ukweli kulinigharimu machozi jioni ile, ila kesho yake wanne walikuja na mifuko.

Kama mapato hayatoshi, chukua kibarua. Kwa miezi minane asubuhi nilishona kwa mtu mwingine, mchana nikashona kwangu. Ujira ule ndio uliolipa marejesho wakati wateja bado wachache, na ulinizuia kukubali kazi za hasara kwa njaa.

Pesa igawanye siku ile ile inapoingia: ya kodi, ya madeni, ya kazi, na mshahara wako wa kila wiki usiobadilika. Andika kabla hujazima taa. Kupanua usikuwaze mpaka umekataa kazi miezi mitatu mfululizo kwa kukosa nafasi, na matumizi ya miezi mitatu yamelala pembeni.

Wiki iliyopita nililetewa oda ya sare 200, malipo baada ya siku 60. Mikono ilitetemeka, maana ni oda ya aina ile ile iliyoniangusha. Nikawaambia nitashona 40 kwa kila awamu, kitambaa mlete nyie, na awamu ya pili haikatwi mpaka ya kwanza imelipwa yote. Walitoka nje kushauriana. Wamerudi na kitambaa cha 40 na nusu ya malipo, nakata Jumatatu.