Imeili inastaki kwenye kompyuta ya kori nyingi? Soma namba kwanza kabla hujaformati

Wadau wa Arusha na Moshi, juzi nimeitwa tena ofisi moja ya utalii huku Njiro, nakuta dada wa buking amekaa mbele ya kompyuta mpya kabisa, prosesa ina kori za kutosha (kori ni kichwa kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa), ramu ipo, na bado programu ya imeili imepauka yote, juu imeandika Not Responding, na kuna wageni wanasubiri kuthibitishiwa tarehe ya kupanda mlima. Akaniambia "kaka, fundi aliyepita kasema hii dawa yake ni kuformati tu." Nikamwambia dada subiri kwanza, tuangalie namba. Haikuchukua hata dakika tano tukajua tatizo liko wapi, na hatukuformati kitu.

Hili la kuformati linaniuma na ntasema kwanini. Kuna ofisi Moshi walikuwa wanavuta imeili kwa POP3, yaani programu inazishusha kwenye kompyuta alafu inazifuta kule kwenye seva, kwahiyo nakala iliyobaki ni ile ya kwenye diski tu. Kijana akaja, akaona imeili haifunguki, akaformati bila kuuliza. Mawasiliano ya miaka sita yakaenda, oda za mawakala wa nje, bei walizokubaliana, picha za paspoti za wageni, kila kitu. Nilivyofika mimi mama mwenye ofisi alikuwa anaangalia tu kioo haongei, na sikuwa na cha kumsaidia.

Kwahiyo kabla ya lolote, bakapu. Funga programu ya imeili, kama haifungiki ilazimishe kwenye Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) kwa End task. Wa Thunderbird minya Windows na R, andika %APPDATA%\Thunderbird, enter, utaona folda inaitwa Profiles, ikopi nzima kama ilivyo uweke kwenye diski ya eksternal. Wa Outlook tafuta mafaili yanayoishia na .pst, mara nyingi yapo kwenye Documents ndani ya Outlook Files. Ukikuta .ost hiyo ni nakala ya vilivyopo kwenye seva, mara nyingi inaweza kushushwa upya, ila .pst haina mbadala, ilinde kama hati ya kiwanja. Nakala isikae kwenye diski ileile, maana diski ikifa vinakufa vyote.

Haya sasa namba. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, bonyeza CPU, soma panapoandikwa Logical processors, hizo hapa tuziite kori, iandike mahali. Alafu gawa 100 kwa hiyo namba. Kama ni 4 unapata 25, kama ni 8 unapata 12 na nusu, kama ni 12 unapata 8 hivi, kama ni 16 unapata 6 hivi. Hiyo ndo asilimia ambayo kazi moja ikikwama inazunguka bila kuisha itakula, kwasababu kazi moja inakaa kwenye kori moja tu kwa wakati, haiwezi kuzila zote. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanaona CPU 12 wanasema "mbona kompyuta imepumzika", kumbe kori moja inaungua na nyingine saba zinaangalia.

Sasa bakapu ikishakaa fungua programu tena, ikistaki usiifunge, kwenye Task Manager nenda Details, itafute kwa jina, outlook.exe au thunderbird.exe, kaa uitazame kama nusu dakika. Kuna mambo matatu utaona. Inasoma 0 au inacheza karibu na 0, maana yake inasubiri kitu, mtandao au faili lililoshikwa na programu nyingine. Inasoma ile namba yako, 25 au 12 au 13, na haishuki, maana yake kazi moja imekwama inazunguka. Au haipo kabisa kwenye orodha, imejifunga yenyewe, hiyo ni krashi.

Yule dada wa Njiro yake ilikuwa 0. Kompyuta ilikuwa imeungwa hotspoti ya simu, na kwenye Outbox kulikuwa na imeili ina picha za kempu za mega 40, inajaribu kupanda, inashindwa, inaanza upya. Gmail kikomo chake cha kutuma ni mega 25 kwahiyo hata ungempa faiba isingeenda. Tukaweka Work Offline, tukaifuta kwenye Outbox, picha tukatuma kwa linki, kazi ikaendelea.

Kama ni 0 na mtandao uko vizuri basi kuna anayeshika faili. Mshukiwa wa kwanza ni antivairasi. Antivairasi inasoma faili la imeili na programu yako inataka kuandika kwenye faili hilohilo sekunde hiyohiyo. Ingia kwenye settings za antivairasi uweke ile folda ya imeili kwenye exclusions, usizime antivairasi yote tafadhali. Mshukiwa wa pili ni pst iliyowekwa ndani ya folda inayojisinki kwenda mtandaoni, itoe humo. Wa Thunderbird mkiambiwa programu tayari inafanya kazi wakati huioni, umeme ulikatika ukaiacha faili ya parent.lock, hakikisha kwanza thunderbird.exe haipo kwenye Details, alafu ifute hiyo parent.lock ndani ya folda ya profaili, fungua upya.

Ikiwa inasoma ile namba yako na imeganda hapo, anza na faili la imeili lenyewe. Huku kwetu umeme unakatika katikati ya kuandika, na faili linaloandikwa likikatwa njiani linabaki na kidonda, ndo maana nasema UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) kwa ofisi inayoishi kwa imeili si anasa. Outlook ifunge, tafuta SCANPST.EXE, kile kifaa cha kutibu pst, ndani ya folda ya Office, mara nyingi C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, ielekeze kwenye pst yako, ikiuliza kutengeneza bakapu kubali, alafu Repair. Rudia mpaka isikute kosa, mara ya kwanza huwa haitoshi. Angalia na ukubwa pia. Outlook za mpaka 2002 zilikuwa na kikomo cha giga 2, za 2003 na 2007 kwa faili la aina mpya ni giga 20, kuanzia 2010 ni giga 50, ukikaribia huko inaanza kuchechemea hata prosesa iwe ya namna gani.

Thunderbird ni rahisi ila macho yawe wazi. Ndani ya profaili kuna folda ya Mail au ImapMail, humo utaona Inbox na pembeni yake Inbox.msf. Ile ya .msf ni orodha tu, ukiifuta programu ikiwa imefungwa inatengenezwa upya. Ile Inbox isiyo na kimkia NDO IMEILI ZENYEWE. Usiiguse. Nimeona mtu kachagua zote mbili akaminya Delete kwa haraka. Futa .msf, fungua, ipe muda ijenge orodha, alafu bofya folda kwa kitufe cha kulia uchague Compact. Ikigoma bado, iwashe ukiwa umeshikilia Shift ili viongezo (add-ons) vizimwe, kwa Outlook ni Windows na R alafu outlook.exe /safe. Ikitulia hapo basi mwizi ni kiongezo, washa kimoja kimoja mpaka umkamate.

Sasa tuje kwenye kori zenyewe, maana wapo watakaofanya yote hayo na bado inakrashi, hasa wenye programu za zamani walizohamishia kwenye mashine mpya. Kompyuta za mezani za kori mbili zilianza kuenea 2005, Pentium D na Athlon 64 X2, na programu nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo zilijaribiwa kwenye kori moja. Kwenye kori moja kazi mbili zinapokezana, moja inasimama nyingine inaenda. Kwenye kori mbili zinaenda kweli kwa pamoja. Chukua ofisi ya safari yenye daftari moja la kubuku, kimebaki kiti kimoja cha Land Cruiser ya kesho. Neema anaangalia daftari, anaona kiti kipo, anageuka kumwambia mgeni ndiyo. Kabla hajaandika, Baraka naye anaangalia daftari, anaona kiti kipo, anamwambia mgeni wake ndiyo. Wote wanaandika. Asubuhi kuna wageni wawili na kiti kimoja. Hakuna aliyekosea kusoma, kilichokosekana ni utaratibu wa kushika daftari mpaka uandike. Programu isiyo na utaratibu huo inaandika juu ya kumbukumbu yake yenyewe alafu inaanguka, na kwenye Event Viewer, daftari la makosa la Windows, mara nyingi utakuta 0xc0000005, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa.

Dalili yake ni kwamba krashi haina mpangilio, leo mara tatu, kesho hakuna, na inapenda kutokea wakati inapokea na wewe unaandika.

Jaribu hivi. Iwashe programu, Task Manager, Details, bofya kitufe cha kulia juu ya jina lake, chagua Set affinity, toa tiki kwenye All Processors, acha CPU 0 peke yake, OK. Fanya kazi hivyo siku mbili tatu. Ikitulia, irudishe kwenye kori zote uone kama inaanguka tena, maana bila kurudisha hujui kama ni kori au ni bahati. Ikianguka tena umepata jibu. Ila ile setingi inapotea ukifunga programu, kwahiyo tengeneza shotikati kwenye desktopu, na kwenye sehemu ya anuani yake weka hivi, ukibadilisha njia iendane na programu yako:

cmd /c start "" /affinity 1 "C:\Program Files\ProgramuYako\programu.exe"

Hizo alama mbili tupu za nukuu ziache hivyohivyo, ukizitoa amri inachukua njia ya programu kama jina la dirisha na programu yako haitafunguka. Hiyo 1 maana yake CPU 0 tu, ukiweka 3 ni CPU 0 na 1. Inafanya kazi kwenye Windows 7 na zilizofuata.

Msiende msconfig (setingi za Windows inavyowaka) kupunguza Number of processors. Ile inafunga kori kwa kompyuta nzima, na nimeshakuta mashine ya kori nne inatembea na moja miezi mingi kwasababu fundi alisahau kurudisha. Na wanaosema uiongeze pale ili kompyuta iwe na spidi, Windows tayari inatumia kori zote, acheni tu pale bila tiki.

Kama inakrashi kila kitu, brauza, Excel, mpaka kompyuta inazima, hapo achana na imeili. Fungua kava utoe vumbi, hili vumbi letu jekundu linajaa kwenye feni mpaka prosesa inachemka, alafu pima ramu kwa mdsched.exe.

Na kama programu ya zamani inafunguka vizuri ila inakataa kuunganika na seva, kori hazihusiki. Seva nyingi sa hivi hazipokei tena TLS 1.0 na 1.1, yaani njia za zamani za kufunga mawasiliano kwa siri, na programu ya zamani haijui lugha nyingine. Hakikisha bandari (port) kwanza, 993 kwa IMAP, yaani ile inayoacha imeili kwenye seva, 995 kwa POP3, 587 au 465 kutuma, na wa Gmail mkumbuke paswedi ya kawaida haikubaliki tena kwenye programu za namna hiyo. Ikigoma na hapo, hamisha imeili kwenda programu mpya wakati ile ya zamani bado inafunguka, anza na folda moja ndogo, hesabu imeili pande zote mbili zilingane, alafu ndo uhamishe zilizobaki.