Somo: Mpira umepita nyuzi za sauti, halafu ukagoma

Asalaam alaykum. Leo naleta jambo linalotutoa jasho sisi wa dawa za usingizi: mpira wa kupumulia tunaoupitisha kooni kabla ya upasuaji. Mtoto mzima kabisa, kaja kufanyiwa ngiri hapa Pemba. Kalala, nyuzi za sauti unaziona wazi, mpira unapita, kisha hauendi mbele. Mara nyingi ni wembamba wa kuzaliwa nao, chini ya nyuzi, kwenye krikoidi, pete ya gegedu iliyo chini ya kisanduku cha sauti.

1. Kabla ya dawa muulize mama, maana ndiye anayelala naye: kilio kina ukwaruzi? Pumzi inalia akinyonya au akipata mafua? Wengine hawana dalili yoyote.

2. Panga mipira mitatu. Namba ni upana wa ndani kwa milimita: umri gawa kwa 4, ongeza 4. Miaka 4: 4÷4+4, namba 5 isiyo na puto la kuziba pembeni. Weka na 4.5 na 4.

3. Ukigoma, usisukume. Njia yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kuizunguka, robo tatu ya nafasi imekwenda, na uvimbe huo tunauleta wenyewe kwa mkono. Mimi nilishasukuma zamani. Koo lile lilinikesha. Toa mpira, rudisha barakoa na oksijeni, ita mwenzako kwa sauti. Dawa ya kulegeza misuli usiongeze.

4. Jaribu namba ndogo zaidi, mara moja, kwa upole. Ukikataa, weka laringo maski, ile inayokaa juu ya nyuzi za sauti bila kuzipita. Hewa ikiingia, mwamshe. Ngiri isiyobana inangoja.

5. Mama aondoke na barua: namba iliyokataa, namba iliyopita.

MASUALI

— Maalim, shikamoo. Deksamethasoni ya kupunguza uvimbe tutoe?
Marahaba. Toa, miligramu 0.5 kwa kilo, lakini inachukua saa kadhaa. Akiamka pumzi inalia, mvutishe adrenalini ya mvuke wakati unaingoja.

— Barakoa na maski zote zimeshindwa, nichome sindano shingoni?
Pale tunapochoma ni juu ya krikoidi, na wembamba uko kwenye krikoidi yenyewe, chini ya hapo. Huenda ukachoma bure. Daktari wa upasuaji afungue koo chini zaidi, kwa hiyo awe chumbani kabla hujaanza, si kantini.

— Mpira wangu uliingia vizuri, ila pafu la kulia juu kimya, oksijeni ikashuka.
Kwanza shuku umezama mno. Urudishe kidogo kidogo huku unasikiliza. Wapo watu ambao tawi la pafu la juu kulia huchipuka kwenye bomba kuu lenyewe, na mpira huliziba.