Malipo ya STK Push: usingoje tu, uliza

Kwa mnaowajengea wateja mifumo ya malipo kwa Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom: ukituma STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja aweke PIN), hifadhi CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo, kwenye hifadhidata papo hapo. Jibu la Safaricom (callback) lisipofika kwenye seva yako ndani ya dakika moja hivi, uliza mwenyewe kupitia STK Push Query, API ya kuulizia hali ya ombi. Seva ikizima kidogo tu jibu hupotea, pesa imeshakatwa, na mwenye duka anakupigia wewe usiku, si Safaricom. Ukiuliza, angalia ResultCode (namba ya matokeo): 0, mteja amelipa; 1032, ameghairi. Ukiuliza mapema mno utaambiwa muamala bado unashughulikiwa. Usiandike “imeshindikana”, rudia baadaye. Mbinu hii haimsaidii aliyelipa Paybill mwenyewe kutoka kwenye menyu ya simu: huyo hana CheckoutRequestID, mshike kwa C2B, API ya Daraja inayokuarifu malipo ya aina hiyo.