Jinsi ya kuchagua programu ya ramani kwa dereva wa lori, hatua kwa hatua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dereva mwenzangu aliyetaka kujua ni programu gani ya ramani inafaa kwa lori lake. Kwangu mimi inayofaa ni ile inayobadili njia unapoipa vipimo vya lori, kwenye barabara ambayo wewe mwenyewe unaijua. Nyota ilizopewa kwenye duka la programu la simu hazikwambii hilo, kwa sababu wengi waliozitoa wanaendesha magari ya aina nyingine katika nchi nyingine. Inabidi ujaribu. Jaribio lenyewe liko hatua ya 4, na ukiwa na haraka ruka mengine yote usome hilo.

Hatua ya 1: Acha kuongozwa na ramani za gari dogo

Google Maps haina mahali pa kuandika kimo wala uzito wa gari. Waze inakuuliza kama unaendesha gari binafsi, teksi au pikipiki, lori halimo. Zote mbili ni nzuri kwa kutazama foleni, na picha za satelaiti za Google Maps ninazitumia kila mara kuona geti la mteja liko upande gani na kama kuna nafasi ya kugeuzia. Ila sauti ya kukwambia kata kulia isitoke huko.

Hatua ya 2: Pima lori lako

Chukua futi ya kupimia, panda juu, pima. Usinakili namba ya kwenye kadi ya gari, maana kadi haijui umebeba nini leo.

Kimo kinapimwa gari likiwa mahali tambarare, tairi zina upepo wa kutosha, mpaka sehemu iliyo juu kuliko zote: inaweza kuwa kontena, turubai, bomba la moshi au mashine ya ubaridi. Kontena la kawaida lina kimo cha futi 8 na inchi 6, yaani mita 2.59. Lile refu lina futi 9 na inchi 6, yaani mita 2.90. Trela ni lile lile, lakini umeongeza sentimita 30 hivi bila kugusa kitu kingine. Kumbuka pia kwamba lori tupu husimama juu kuliko lililobeba, hasa lenye springi za chuma. Daraja ulilopita chini yake ukiwa na mzigo linaweza kukukwaruza ukirudi mtupu. Pima ukiwa mtupu pia, kisha uandike namba kubwa zaidi.

Angalia programu inataka mita au futi. Anayetumia futi awe makini na nukta: futi 13 na inchi 10 si 13.1. Ukiandika 13.1 umelifupisha lori lako kwa karibu sentimita 22, na programu itakuamini. Mimi naweka mita siku zote, hata pale ambapo vibao vya barabarani vimeandikwa futi, kisha nabandika karatasi yenye vipimo vyote viwili mbele ya usukani.

Karatasi hiyo si mapambo. Huko Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililojulikana kwa kimo chake cha futi 11 na inchi 8. Liliwekewa vibao na taa za onyo, na malori yakaendelea kuligonga. Mwaka 2019 lilinyanyuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado yapo yaliyoligonga baada ya hapo. Dereva asiyekijua kimo cha lori lake hasaidiwi na kibao wala na simu.

Kwenye uzito, andika uzito wote wa kichwa, trela na mzigo. Kama programu inauliza uzito wa ekseli moja (mhimili mmoja wa magurudumu), weka ule wa ekseli nzito kuliko zote, na karatasi ya mizani ndiyo itakayokupa namba hiyo. Usishushe uzito kwa sababu tu leo huna mzigo. Vibao vingine vinazuia gari kwa uzito wa juu lililoandikishwa nao, kwa hiyo lori tupu nalo linazuiwa.

Anayebeba mzigo hatari atafute programu yenye sehemu ya kuutaja. Katika nchi zinazofuata ADR, mkataba wa kusafirisha mizigo hatari barabarani, mahandaki yamepangwa kwa herufi kutoka A hadi E: A haina kizuizi na E ndiyo kali kuliko zote. Programu isiyokuuliza herufi hiyo haikufai kwa mzigo wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Chagua mbili za kujaribu

Hammer na Trucker Path zimetengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Ukiwa kwingine ziache, hata zikisifiwa namna gani. Sygic wana programu ya malori inayofanya kazi katika nchi nyingi, na CoPilot nao wana yao. Zote hizo mbili unazilipia. OsmAnd inatumia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ina wasifu wa lori (mipangilio inayohifadhi aina na vipimo vya gari), na unaweza kuanza nayo bila kulipa chochote. Kuizoea kunachukua muda, menyu zake ni nyingi. Hata hivyo ndiyo ninayomwambia kila mtu aanze nayo, kwa sababu ramani yake unaweza kuikagua mwenyewe.

Sharti langu moja halina mjadala: ramani nzima iwe ndani ya simu. GPS yenyewe haihitaji intaneti, simu inapokea mawimbi kutoka satelaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni ramani isiyopakuliwa, pamoja na taarifa za foleni. Ukikosea njia mahali pasipo na mtandao, programu inayotegemea intaneti haiwezi kukupangia njia mpya, na hapo ndipo unapoihitaji zaidi. Pakua kwa Wi-Fi kabla ya safari.

Hatua ya 4: Jaribio la daraja

Dereva niliyemsaidia alikuwa ameandika vipimo vyote sawasawa, na bado programu ilimpeleka kwenye barabara yenye kizuizi. Tulihangaika nayo jioni nzima. Kumbe wasifu wa lori ulikuwa umehifadhiwa lakini haujawashwa, na njia ilikuwa inapangwa kwa wasifu wa gari dogo. Skrini haikuonyesha tofauti yoyote. Ndiyo maana sikubali tena kuangalia mipangilio peke yake. Nataka kuona njia ikibadilika.

Tafuta daraja lenye kizuizi cha kimo au uzito, au barabara iliyokatazwa malori, ambayo umeona kibao chake kwa macho yako. Weka mwanzo wa safari upande mmoja na mwisho upande wa pili, kama kilomita moja kila upande. Sasa fanya hivi:

1. Panga njia kwa wasifu wa gari dogo. Lazima ipite kwenye daraja. Isipopita, jaribio halina maana, sogeza alama mpaka ipite.
2. Washa wasifu wa lori lako na upange upya. Inatakiwa izunguke.
3. Bado kwenye wasifu wa lori, badili kimo kiwe mita 2 na uzito uwe tani 2. Kama kizuizi ni cha daraja, inatakiwa irudi kwenye daraja. Kama ni cha malori yote, itaendelea kuzunguka, na hiyo ni sawa.
4. Rudisha vipimo vyako vya kweli. Watu wengi wanasahau hapa.

Ikiwa namba 2 hapo juu haikubadilisha kitu, kuna sababu mbili, na usizichanganye. Ama wasifu haujawashwa, ama ramani haina habari za kizuizi hicho. Ili kuzitenganisha, andika lori lisilowezekana, mita 10 kwenda juu na tani 100, kisha panga safari ndefu yenye madaraja mengi unayoyajua. Njia ikibadilika mahali fulani, wasifu unafanya kazi na tatizo ni ramani ya sehemu ile. Isipobadilika popote, rudi kwenye mipangilio.

Kwa OsmAnd, ramani unaweza kuichungulia kwenye tovuti ya OpenStreetMap. Bofya alama ya swali iliyo pembeni, kisha bofya barabara inayopita chini ya daraja, uone kama kuna maandishi ya maxheight. Uzito huandikwa maxweight, uzito wa ekseli maxaxleload, na katazo la malori hgv=no. Kama hakuna kitu, programu haiwezi kujua. Jambo zuri ni kwamba unaweza kuacha ujumbe pale pale kwenye ramani ukieleza kibao kinasema nini, na watu wanaoitunza ramani hiyo wanaweza kuufanyia kazi. Tafadhali fanya hivyo. Dereva anayekuja nyuma yako ananufaika.

Kisha jaribu kitu kingine: weka mwisho wa safari ndani kabisa ya eneo lililokatazwa. Baadhi ya programu zinaona huna njia nyingine ya kufika, basi zinakuingiza na kukupa onyo. Nyingine zinakataa kupanga njia. Mimi napendelea inayoonya kwa sauti na kwa rangi nyekundu kwenye mstari wa njia. Inayoonya kwa alama ndogo kwenye kona siitaki, kwa sababu sitaiona nikiwa naendesha.

Rudia namba 1 na 2 kila baada ya kusasisha programu, kubadili simu au kubadili trela. Ni dakika chache tu.

Hatua ya 5: Mahali anapotuma mteja

Mteja akikutumia mahali alipo kwa WhatsApp, ukigusa, simu kwa kawaida inafungua ramani ya gari dogo. Vipimo vyako vyote vinakuwa havina kazi. Gusa ili uone tu, nakili zile namba mbili za mahali, kisha zibandike kwenye programu ya lori. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo, usizigeuze. Halafu mpigie mteja umuulize geti la malori liko wapi, kwa sababu alama mara nyingi huwa katikati ya kiwanja au kwenye mlango wa ofisi.

Hatua ya 6: Simu mahali pake

Ifunge imara, isizibe kioo, na waya wa chaji uwe mzuri. Jua kali likiipiga, skrini hufifia au simu hujizima, kwa hiyo iweke karibu na upepo wa kiyoyozi.

Kama ni programu ya kulipia, lipia mwezi mmoja kwanza. Mwaka mzima lipia baada ya kuipitisha kwenye jaribio la daraja katika kila ukanda unaofanyia kazi, maana ramani iliyo kamili huku inaweza kuwa tupu kule.