SOMO: Uwashe flashi au uizime? Picha za michezo kwenye mwanga hafifu

Ndugu zangu, mnaniletea picha za kikapu, netiboli na ngumi mkiuliza kwa nini zimetoka nyeusi, au kwa nini wachezaji wana mikia ya ukungu. Wengi wenu mnaamua kuwasha flashi kwa sababu ukumbi una giza. Mimi naanza na macho ya mchezaji, kisha umbali, kisha kasi. Giza nalifikiria mwisho.

Hatua ya 1: Macho ya mchezaji, na ruhusa

Zamani kidogo nilikaa chini ya goli la netiboli, nikamwashia mfungaji flashi usoni wakati anaachia mpira. Alikosa. Akabaki anapepesa macho huku wenzake wakirudi kukaba. Hakuna aliyenigombeza, lakini kosa lilikuwa langu, na lilimgharimu yeye.

Kwenye jimnastiki, badminton, tenisi na michezo ya farasi, zima flashi bila mjadala. Anayepinduka hewani anatafuta sakafu kwa macho. Ukimpofusha kwa nusu sekunde unaweza kumvunja shingo. Farasi naye hushtuka. Mkimbiaji au mwogeleaji aliyeinama akisubiri ishara ya kuanza, usimguse kwa mwanga wowote. Michezo mingine, nenda kwa mwamuzi au mratibu kabla ya mechi, jitambulishe, uliza. Akikataa, shukuru na uzime.

Hatua ya 2: Pima umbali

Nguvu ya mwanga haipungui sawasawa na umbali. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mchezaji unabaki robo. Ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa.

Flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera huwa na namba ya nguvu kama 12, kwa mita, kwenye ISO 100 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga). Gawa namba hiyo kwa namba ya tundu la lenzi, ile inayoandikwa na f (ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), upate umbali. Lenzi yako ya f/5.6: 12 ÷ 5.6, ni mita 2 na kidogo. Pandisha ISO hadi 400, umbali unakuwa mara mbili, mita 4 na ushee. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28. Uwanja wa mpira wa miguu ni mita 105 kwa 68. Ukiwa jukwaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuna njia ya kukimbilia kati yako na nyasi, kwa hiyo hata winga wa karibu yuko mbali. Flashi yako itaangaza visogo vya mashabiki walio mbele yako tu. Taa ya simu ni dhaifu zaidi ya hapo.

Flashi kubwa ya kupachika inafika mbali, ndiyo. Lakini ukiipiga kwa nguvu zote inahitaji sekunde 2 hadi 5 kujaa tena, na katika muda huo kikapu kimefungwa na timu zimegeuza upande.

Hatua ya 3: Kasi ya shata

Hapa ndipo wengi wanapokwama, someni taratibu. Shata ni pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, na 1/200 ni sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Kamera nyingi zinakubali flashi ya kawaida mwisho kasi ya 1/200 au 1/250. Ukizidisha, pazia la shata linafunika sehemu ya picha na unapata ukanda mweusi. Mchezo wenyewe unataka 1/500, mara nyingi 1/1000.

Mtaniuliza: si flashi yenyewe ni fupi kuliko hapo? Ni kweli, ikipigwa kwa nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi sana, inaweza kugandisha tone la maji. Tatizo ni taa za ukumbi. Picha yako inapokea mianga miwili: flashi inamgandisha mchezaji, taa za juu zinaendelea kumwandika anavyosogea hadi shata ifunge. Ndiyo ile mikia.

Jaribio lake ni rahisi. Zima flashi, weka 1/250, f/4, ISO 800, piga uwanja. Picha ikitoka karibu nyeusi kabisa, flashi itafanya kazi peke yake na mchezaji atatoka safi. Ikitoka inaonekana, mikia itakuwepo.

Kuna flashi zinazokubali kasi za juu kwa kuwaka mfululizo wakati pazia linapita. Zinasaidia kwa mtu wa karibu, ila nguvu inashuka sana. Usizitegemee kwa anayeshambulia goli la mbali.

Hatua ya 4: Jaribu kwanza bila flashi

Badili lenzi kabla hujanunua flashi. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 ni ya bei nafuu kuliko karibu zote, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Kaa kwenye mstari wa mwisho pembeni ya goli la kikapu, weka 1/640, ISO 3200, panda hadi 6400 ikibidi. Picha itakuwa na chenga, yaani punje punje. Ziacheni chenga! Mhariri wa gazeti anaweza kuchapisha picha yenye chenga ya mtu anayedanki. Yenye ukungu hawezi kuiokoa.

Hatua ya 5: Ukiamua kuwasha

Umeruhusiwa, ukumbi ni giza kweli, uko karibu. Basi itoe flashi kwenye kamera. Ifunge juu, kwenye kona ya ukumbi au reli ya roshani, kwa waya wa usalama, maana ikimwangukia mtu hakuna picha itakayofidia. Ielekeze chini kwa pembe, isimkabili anayelenga goli. Tumia moja ya nane au moja ya kumi na sita ya nguvu: inajaa haraka na inagandisha vizuri.

Ngumi ndiyo mfano ninaoupenda. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, Marekani, mpiga picha Neil Leifer alimpiga picha Muhammad Ali akimfokea mpinzani wake, Sonny Liston, aliyelala sakafuni. Flashi zilikuwa zimefungwa juu ya ulingo, na zilihitaji muda kujaa. Hakuweza kumimina picha mfululizo. Ilibidi asubiri, abonyeze mara moja, apate. Tazameni picha ile: mwanga unashuka kutoka juu, misuli ya Ali inasomeka yote, na ulingo umejitenga na giza la nyuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mbeya, napiga picha za ndondo, mechi za mpira za mtaani. Ikifika saa kumi na mbili jioni mwanga unakatika ghafla na lenzi yangu ni ya kuvuta, milimita 55-250. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kuzama, una dakika chache. Panda ISO 6400, shuka 1/400, kisha vizia pale mwili unapotulia: mchezaji aliye kileleni mwa kuruka kwa kichwa, kipa kabla ya penalti, kocha akipiga kelele. Au shuka hadi 1/60 na umfuate winga kwa kamera anavyokimbia. Nyasi zitavutika, yeye abaki. Flashi hapana.

Swali: Mkuu, je, saa sita mchana? Jua kali, nyuso za wachezaji wetu zinatoka nyeusi hadi macho hayaonekani.

Jibu: Swali zuri sana, mkuu. Kwenye mchezo wenyewe, pimia mwanga usoni, acha anga liungue kidogo, litoke jeupe. Ngozi nyeusi haistahili kuzamishwa ili mawingu yapendeze. Ila mechi ikiisha, nahodha amesimama na kombe mita 2 mbele yako, hapo washa flashi kubwa ya kupachika! Weka 1/250, f/11, ISO 100, punguza nguvu ya flashi kidogo. Kivuli cha kope kitaondoka na anga litabaki bluu.

Swali: Nikipiga mfululizo ndani ya ukumbi bila flashi, picha moja ni ya njano, inayofuata ina mstari wa giza. Kamera imekufa?

Jibu: Kamera ni nzima, dada. Taa nyingi za ukumbi hupepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/640 unakamata kipande tu cha mpepeso. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa kuzuia kupepesa. Kamera itasubiri taa ikiwa kileleni ndipo ifungue. Kama haina, piga nyingi na uchague.

Swali: Mwanangu ana mashindano ya kuogelea Jumamosi. Nina simu tu.

Jibu: Zima flashi tangu nyumbani, isije ikajiwasha kwenye kuanza. Usivute picha kwa vidole, sogea. Simama mwisho wa njia yake, pale anapokuja kugusa ukuta, ushikilie kitufe ipige mfululizo. Akiinua kichwa kutafuta muda wake ubaoni, usiache kupiga.