Somo: Kwa nini sifuri za polinomia za Legendre hupishana

Jumamosi baada ya alasiri tulilifanya somo hili barazani, Kibokoni. Mhimili wa x ulikuwa mstari wa chaki sakafuni. Kokwa tatu za tende zilishika sifuri, yaani pale mchoro unapokata mhimili, za polinomia moja (jumla ya vipeo vya x, kama 3x² − 1), vikombe vinne vya kahawa vikashika sifuri za inayofuata, kila kimoja pale kikokotoo kiliposema. Vikatokea: kikombe, kokwa, kikombe, kokwa, kikombe, kokwa, kikombe. Kinacholeta mpango huu ni mstari mmoja tu wa hesabu, nami natamani kila mmoja wenu aufikie kwa mkono wake.

Hatua ya 1. Anza na P₀ = 1 na P₁ = x. Namba ndogo chini ya P, yaani n, ni kipeo kikubwa cha x ndani yake. Kuanzia hapo kila polinomia huzaliwa na mbili zilizoitangulia:

(n+1)Pₙ₊₁ = (2n+1)x·Pₙ − n·Pₙ₋₁

Utapata P₂ = (3x² − 1)/2 na P₃ = (5x³ − 3x)/2. Zimeitwa kwa jina la Mfaransa Adrien-Marie Legendre (1752–1833). Shika jambo moja: zote ni 1 pale x inapokuwa 1.

Hatua ya 2. Tafuta sifuri. Za P₂ ni −0.577 na 0.577. Za P₃ ni −0.775, 0 na 0.775. Zimeshapishana.

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe. Weka n = 3:

4P₄ = 7x·P₃ − 3P₂

Sasa simama juu ya sifuri yoyote ya P₃. Hapo P₃ ni 0, kwa hiyo 7x·P₃ yote inafutika, na kinachobaki ni P₄ = −¾P₂. Basi P₄ na P₂ zina alama kinyume mahali hapo. Hesabu: P₂ kwenye −0.775, 0 na 0.775 ni 0.4, −0.5 na 0.4. Kwa hiyo P₄ ni −0.3, 0.375 na −0.3. Ongeza ncha mbili, −1 na 1, ambako P₄ ni 1. Soma alama kutoka kushoto: chanya, hasi, chanya, hasi, chanya. Zimegeuka mara nne, na kila zinapogeuka mchoro umevuka mhimili. P₄ haiwezi kuwa na sifuri zaidi ya nne, basi kila nafasi ina moja tu: −0.861, −0.340, 0.340, 0.861.

Hatua ya 4. Badala ya 3 weka n yoyote. Ikiwa sifuri za Pₙ₋₁ na Pₙ zinapishana, Pₙ₋₁ hubadili alama kila ukiruka kutoka sifuri moja ya Pₙ hadi nyingine, na Pₙ₊₁ hufanya hivyo kwa kinyume. Kwenye sifuri ya mwisho kulia Pₙ₋₁ ni chanya, kwa kuwa haina sifuri tena hadi 1, ambako ni 1; basi hapo Pₙ₊₁ ni hasi, lakini kwenye 1 lazima Pₙ₊₁ iwe chanya, kwa hiyo kuna sifuri moja zaidi huko. Kushoto ni vivyo hivyo.

Maswali ya wanachama

Kutoka Likoni: Mwalimu, haiwezekani P₇ na P₈ zikakutana kwenye sifuri moja?
Jibu: Haiwezekani, mwanangu. Zikikutana, fomula inailazimisha P₆ nayo kuwa 0 hapo, kisha P₅, mpaka tufike P₀. Na P₀ ni 1 daima.

Kutoka Kisauni: Je, polinomia za Hermite (Hₙ), familia nyingine, hufuata njia hii hii?
Jibu: Njia hii inafaa, ila zenyewe zina njia ya mkato. Kinyambuo cha Hₙ, yaani mteremko wa mchoro wake, ni 2n·Hₙ₋₁. Mchoro ukitoka kwenye mhimili na kurudi, lazima ugeuke mahali fulani, kama maji pale Nyali yanavyojaa yakasimama kabla ya kupwa. Pale yanaposimama ndipo ilipo sifuri ya Hₙ₋₁. Tafadhali usiibebe njia hiyo kwa Legendre: kinyambuo cha P₃ kina sifuri kwenye ±0.447, na za P₂ ziko ±0.577. Nimeona karatasi nyingi za mtihani zikipoteza maksi hapo.

Kutoka Changamwe: Na P₂ na P₄, zinapishana?
Jibu: La, dada. Kati ya −0.340 na 0.340 hakuna sifuri ya P₂. Kinachobaki kweli ni hiki: kati ya sifuri mbili za ile ndogo, hukosi walau moja ya ile kubwa. Na zilizoachana hatua mbili zinaweza hata kukutana: P₃ na P₅ zote hukata mhimili kwenye 0.