Kadi ya homa ya manjano: jinsi ya kuiomba kabla hujabeba begi na kuvuka mipaka

Pasipoti sitaieleza hapa. Ukiwa na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, fomu ya Uhamiaji mtandaoni inakuongoza hatua kwa hatua. Ninachotaka kukueleza ni kile kijikaratasi cha njano cha kukunja, kadi inayothibitisha kwamba umechanjwa homa ya manjano, kwa kuwa ndicho kilichonishusha kwenye basi nikiwa peke yangu, begi mgongoni, natoka Bukoba kwenda Kampala, na kutoka huko nipite Kigali nirudi nyumbani kwa Rusumo.

Uganda inaidai kadi hii kwa kila anayeingia, isipokuwa watoto wachanga, na Congo vilevile. Kuwa raia wa Afrika Mashariki kunakuondolea viza ya Uganda, lakini dirisha la afya halikusamehei.

Anza na kalenda. Kadi haitambuliki siku unayochanjwa, inaanza kazi siku 10 baadaye. Ukichanjwa tarehe 1, iwe tarehe 11 ndipo uwe mpakani. Kwa hiyo usikate tiketi kwanza ukatafute chanjo baadaye. Mimi nilijipa wiki tatu, na hizo ndizo zilizoniokoa.

Nenda kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali kutoa chanjo ya wasafiri. Si kila zahanati yenye sindano inaruhusiwa kutoa kadi hii. Beba pasipoti yenyewe, usiende na kivuli chake. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Kabla ya sindano, sema ukweli kama una mzio wa mayai, ni mjamzito, kinga yako iko chini, au umepata chanjo nyingine karibuni, maana hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa na daktari barua ya msamaha wa kitabibu, ingawa nchi unayokwenda ndiyo huamua kama itaikubali.

Sasa sikiliza vizuri. Sindano ni dakika moja. Usinyanyuke kwenye kiti hadi uwe umeisoma kadi yote, herufi kwa herufi, pasipoti ikiwa wazi pembeni.

Kwenye yangu, jina la ukoo liliandikwa kwa L badala ya R. Niliona, nikasema. Muuguzi alikuwa mtu mpole, foleni imefika mlangoni, akachukua wino mweupe wa kufutia, akaziba ile herufi, akaandika R juu yake. Nilimshukuru nikaondoka. Mpakani, afisa afya aliiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha juu ya ile doa nyeupe, ikabanduka kipande. "Mdogo wangu, hii imefutwa. Siwezi kuipokea." Nilibishana, naye kwa utulivu akanionyesha maandishi yaliyochapwa kwenye kadi yenyewe: marekebisho yoyote, kufuta, au sehemu kuachwa wazi kunaweza kuibatilisha. Konda alinisubiri kadiri alivyoweza, kisha akaniteremshia begi. Nililala gesti usiku mmoja, nauli ya mbele ikapotea, kesho yake nikageuza.

Basi kosa likitokea, hata la herufi moja, omba kadi mpya hapo hapo. Usione haya, na usikubali kurekebishiwa. Kisha kagua haya: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya pasipoti. Tarehe ya chanjo iandikwe siku, mwezi kwa herufi, halafu mwaka, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kuwe na jina la mtengenezaji wa chanjo na namba ya bechi. Mhuri wa kituo uwepo, na saini ya mtaalamu iwe ya mkono wake. Mhuri hausimami badala ya saini. Nawe weka saini yako, maana nafasi ya mwenye kadi wengi tunaiacha wazi.

Kwenye nafasi ya muda wa kadi, mwisho wake ni maisha yako yote. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zimeondoa ukomo wa miaka 10, na zinahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa ukomo huo. Ukiwa na kadi ya 2012 iliyojazwa sawasawa, huhitaji sindano nyingine. Ukikutana na afisa anayeshikilia miaka 10, mtajie tarehe hiyo kwa heshima.

Yangu ilikuwa rahisi kutengenezwa upya kwa sababu moja tu: siku ya chanjo nilipiga picha kadi nzima, namba ya bechi ikionekana. Kituo kilifungua rejista, kikanikuta kwenye mstari wangu, kikaniandikia kadi safi yenye tarehe ileile ya kwanza. Sikuchomwa tena, wala sikuanza kuhesabu siku 10 upya. Kwa hiyo piga picha yako kabla hujatoka mlangoni, ujitumie kwa barua pepe. Picha haitakuvusha mpaka, lakini simu ikiibwa stendi au kadi ikilowa mvua, utakuwa na pa kuanzia. Kadi yenyewe iweke ndani ya jalada la pasipoti, na zote mbili zikae kwenye pochi ya shingoni, kwa sababu begi kubwa linaingia kwenye buti la basi na mpakani utashuka bila hilo.